Somo: Kufufua vaisi kuukuu ya karakana, kutoka kutu hadi rangi

Ni kile kifaa cha chuma kinachofungwa mezani, chenye taya mbili za kubania kitu unachokifanyia kazi. Vitabuni na vyuoni kinaitwa jiliwa. Hapa Igogo, Mwanza, ukimtuma kijana akuletee jiliwa atarudi na kitu kingine, kwa sababu karakana nzima tunasema vaisi. Na mimi nitasema vaisi.

Hii ya leo niliipata kwa muuza chuma chakavu, imepimwa mzani mmoja na rejeta mbovu na vipande vya nondo. Mwili wote kutu, juu ya kutu oili iliyoganda, mkono umepinda, na haizunguki hata kidogo. Nilipokwangua ubavuni kwa ncha ya tindo zikatokea herufi: RECORD, kisha ENGLAND, kisha namba 5. Hapo nikaacha kubishana bei. Vaisi za Record zilitengenezwa Sheffield, mji wa Uingereza wenye sifa ya visu na zana za chuma, na namba 5 ni ile ya taya lenye upana wa inchi 5. Inatosha kabisa kwa kazi zangu, ambazo nyingi ni vifungio vya injini za mitumbwi na shafti za propela.

Kila aliyepita pale kibandani alinipa ushauri uleule: "Fundi, piga rangi hiyo, itakuwa mpya." Rangi ni kazi nyepesi. Kinachoua vaisi kiko tumboni. Grisi ya zamani ikichanganyika na vumbi la grainda na mchanga wa ufukweni inageuka uji mweusi, hauna tofauti na ile dawa ya kusagia valvu. Kila ukizungusha mkono, uji ule unakula hesi, yaani ile skrubu ndefu inayosogeza taya, na nati inayopita ndani yake. Ukiipaka rangi ukaacha uji ndani, umempamba mgonjwa.

Vitu vya kuwa navyo

Mafuta ya taa lita 2 au 3, brashi ya waya, msasa namba 80 na namba 120, stiliwaya za kusugulia sufuria, bisibisi pana, nyundo na kipande cha mti mgumu, ndoo ya plastiki ya lita 20, magadi, chaja ya betri ya gari ya volti 12 kama unaweza kuazima, praima ya redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), rangi ya mafuta, thina, tepu ya karatasi na grisi safi. Miwani na glovu usiniulize kama ni lazima.

1. Kuifungua

Piga picha kwanza, pande zote, hata kama unadhani utakumbuka. Hutakumbuka.

Kama imekwama, mimina mafuta ya taa kwenye hesi, kwenye mlango wa nati na kwenye skrubu za bati za meno, yale mabati mawili yenye meno yanayogusa kitu unachobana. Iache ilale. Asubuhi ongeza tena. Yangu ilikunywa siku mbili. Kisha weka kipande cha mti juu ya taya la mbele, gonga kidogokidogo huku unajaribu mkono, mbele robo, nyuma robo. Usichomeke bomba kwenye mkono ili upate nguvu. Mwili wa vaisi nyingi ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa, na chuma cha kusubu hakipindi kikakuonya, kinakatika tu.

Ikishaanza kuzunguka, endelea kufungua mpaka taya la mbele litoke lote. Hapa weka kitu chini, tairi kuukuu au gunia la mchanga, na usivae ndala. Mimi nilivaa ndala. Taya lilipoachia hesi ya mwisho lilikuja kwa uzito wake wote, likakikosa kidole gumba cha mguu kwa upana wa kiberiti tu. Tangu hapo viatu vya kazi vinakaa chini ya meza.

Nyuma ya taya la mbele, kwenye hesi, utakuta washa, pengine springi, na pini iliyopasuliwa katikati. Nyoosha miguu ya pini kwa plaizi, ivute, hesi itatokea mbele. Nati kwenye vaisi nyingine inashikwa na boliti, kwenye nyingine imekaa tu kwenye nafasi yake na inasukumika. Tazama kabla hujagonga.

2. Kuosha

Weka kila kitu kwenye beseni la mafuta ya taa. Petroli usiitumie hata kama iko karibu, mvuke wake unafuata cheche za jirani. Kwa mafuta ya taa hatuna ugeni hapa Mwanza, mji wenye mtaa wa Makoroboi, uliopata jina kwa koroboi ambazo mafundi wake walikuwa wakizitengeneza kwa makopo.

Hapa ndipo nilipotumia muda. Chukua kijiti cha mwanzi, kichonge ncha, pitisha ndani ya kila mfereji wa hesi kutoka mwanzo hadi mwisho. Uchafu unatoka umejikunja kama uzi mweusi, na ukiusaga kati ya vidole unasikia chembe. Hizo chembe ndizo adui. Nati nayo funga kitambaa kwenye kijiti, zungusha ndani, badilisha kitambaa mpaka kitoke cheupe. Mimi nilibadilisha mara tisa.

3. Kutoa kutu

Ukiwa na chaja, njia ya umeme inafanya kazi nzuri wakati wewe unafanya kazi nyingine. Jaza maji ndoo ya plastiki, koroga vijiko vikubwa 5 vya magadi kwa lita 20. Ning'iniza nondo pembeni ya ndoo, na kipande cha vaisi katikati, visigusane. Waya wa chanya kwenye nondo, wa hasi kwenye vaisi. Ukigeuza, vaisi ndiyo italiwa. Washa. Utaona mapovu madogo yanapanda na maji yanageuka kama chai ya rangi. Baada ya saa chache, au usiku mzima kwa kutu nzito, kutu inabaki ujiuji mweusi unaofutika kwa brashi.

Mambo manne na siyatanii. Fanya nje, kwa sababu yale mapovu yana haidrojeni, na haidrojeni inalipuka. Usiweke chumvi badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu wala bati la mabati badala ya nondo, vinaacha sumu kwenye maji. Na zima chaja kabla ya kuingiza mkono. Springi usiitumbukize, isugue kwa mkono.

Rangi ya zamani itaanza kubanduka yenyewe humo. Inayobaki, isugue kwa msasa uliolowa maji, si mkavu, kwa sababu rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi na vumbi lake halifai kifuani, kwa watoto ndiyo kabisa.

Ukitoa kipande majini, suuza, kausha kwa kitambaa, kiweke juani papo hapo. Chuma kitupu hakingoji mtu, hasa kwa unyevu wa ziwani wakati wa vuli. Niliacha taya la nyuma limelowa nikaenda kupokea simu. Kurudi, limepata utando wa rangi ya chungwa kama limepakwa unga wa manjano. Ikabidi stiliwaya tena.

4. Rangi

Amua kwanza pasipopakwa: hesi, nati, mtelezo wa taya la mbele (ile sehemu inayoteleza ndani ya mwili) na njia unayopita, nyuso zinazogusana, bati za meno. Hivyo vinapata grisi au oili, basi. Rangi kwenye mtelezo inafanya vaisi ikabe, halafu inakwanguka na kuingia kwenye hesi, umerudi ulikotoka. Ziba kwa tepu, matundu ya boliti yajaze karatasi.

Futa mwili kwa thina, na baada ya hapo usiushike kwa vidole vitupu. Praima mkono mmoja mwembamba, ikae siku nzima. Kisha rangi ya mafuta mikono miwili, myembamba pia. Mkono mmoja mnene unatiririka, na kwa jua letu unakauka ngozi ya juu huku ndani bado ni mbichi. Kivulini ndiyo mahali pake.

Paka asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka na kuleta vumbi. Jioni usijaribu. Mara ya kwanza nilipaka saa moja usiku, chini ya balbu, nikajiona mjanja nimekwepa vumbi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda majini kama moshi, wakaifuata taa. Asubuhi vaisi ilikuwa na manyoya. Nilisugua yote nikaanza upya.

Rangi yangu ni buluu, kwa sababu Record ninazozijua ni za buluu, na pia kwa sababu kopo la buluu lilibaki kwenye mtumbwi wa mteja. Usitie vaisi kazini kesho yake. Ukiigusa utasema imekauka, lakini kuwa ngumu ya kuhimili nyundo inataka kama wiki nzima.

5. Kuunganisha na kuifunga mezani

Grisi safi, utando tu, kwenye hesi na ndani ya nati. Matone ya oili kwenye mtelezo. Bati za meno zirudi zilikotoka, na nyuma yake pasiwe na hata punje ya rangi, la sivyo zitakaa upande. Funga taya mbili ukiwa umebana vipande viwili vya karatasi, kimoja kila pembe, kisha vivute. Vyote viwili vigome. Kimoja kikichomoka, fungua utazame nyuma ya bati.

Mezani, taya la nyuma litokeze kidogo nje ya ukingo, ili bomba refu liweze kusimama wima bila kugonga mbao. Watu wengi wanaisukuma ndani kwa kuogopa kuigonga wakipita, kisha wanajuta. Kimo ni kiwiko: simama wima, kunja mkono, juu ya taya pawe usawa wa kiwiko chako. Kijana wangu ni mfupi, kwa hiyo amepata ubao wa kusimamia.

Maswali ya wasomaji

*Mkuu, mimi niko Bunda, chaja sina. Siki au ndimu vinafaa?*

Vinafaa, ila si vya kusahau. Asidi ikimaliza kutu inahamia kwenye chuma. Tumbukiza vipande vidogo, tazama kila baada ya saa moja mbili, sugua, rudisha. Ukitoa, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha haraka. Kwa mwili mzima wa vaisi utahitaji siki nyingi mno. Mwili upige brashi ya waya tu.

*Shikamoo fundi. Skrubu za bati za meno zimeliwa vichwa, bisibisi haishiki. Niko Nansio.*

Marahaba mwanangu. Kama una welding, weka nati juu ya kichwa cha skrubu, chomelea kupitia tundu la nati, acha ipoe yenyewe, kisha fungua kwa spana. Ule moto wenyewe ndio unaolegeza. Usimwagie maji ili upoze haraka, chuma cha kusubu kitapasuka. Bila welding, tafuta tindo kali, gonga ukingo wa kichwa kuelekea upande wa kufungulia, taratibu.

*Yangu ina ufa kwenye taya la nyuma. Nichomelee?*

Kwa elektrodi za kawaida, hapana. Zitashika leo, na ufa mwingine utatokea pembeni ya weldi. Kunahitajika elektrodi za nikeli, kuipasha moto yote kwanza, na kuipoza polepole sana, kwa mfano ndani ya majivu. Na hata hivyo sitaiamini kwa kazi ya kugonga. Ufa ukiwa pale taya linapoota kwenye mwili, mrudishie muuza chuma chakavu.

*Fundi, mimi nasoma ufundi mitambo. Vaisi yetu inazunguka, ikibana kidogo inaruka. Ni hesi au nati?*

Dada, toa hesi uitazame. Hesi ya vaisi ina meno mapana ya mraba au yanayokaribia mraba. Ukikuta katikati yamekuwa membamba kama kisu na mwishoni bado mapana, hesi imekwisha. Meno yakiwa mazima, ni nati. Nati ndiyo nafuu: mpelekee fundi wa mashine ya kukereza hiyo hesi yenyewe, asipime kwa macho, akukatie nati mpya ya chuma au ya shaba ya bushi.

*Oili chafu ya gari haifai kwenye hesi? Ni ya bure.*

Ni ya bure na imejaa masizi na chembe za chuma za injini ya mtu. Umetoka kuosha chembe hizohizo kwa mwanzi siku nzima.

*Kaka, nabana mabomba ya shaba, meno yanayakwaruza. Nisage meno yawe laini?*

Usisage, utayahitaji siku ya kubana chuma. Chukua bomba kuukuu la shaba, lipasue, ligonge liwe bati, kata vipande viwili, kunja kila kimoja pembe mraba kikae juu ya taya. Vyangu vinakaa kwenye kopo hapo hapo chini ya vaisi, na kila wiki kimoja kinapotea.