Ukichaguliwa kuongoza chama cha wafugaji, anza na daftari

Hongera kwa kuchaguliwa. Sasa nunua kauntabuku kabla hujatafuta kipaza sauti. Mimi ni katibu wa chama cha wafugaji wadogo huku wilayani Kiteto, Tanzania, familia za ng'ombe ishirini, hamsini. Nimeona wenyeviti hodari wa kunguruma ambao malalamiko ya watu wao hayakuandikwa popote, na kwa mkurugenzi wa halmashauri jambo lisiloandikwa halipo.

Usajili usikuumize kichwa. Kama kazi ni kutetea, nenda kwa Msajili wa Jumuiya. Mkitaka kuuza maziwa pamoja, huo ni ushirika, una sheria yake ya mwaka 2013 na wakaguzi wake. Msichanganye, fedha za maziwa zikiingia, kila kikao kitakuwa cha maziwa. Ada kusanyeni mnadani, mtu akishauza.

Kazi yenyewe ni ardhi. Malisho yasiyotengwa kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji ni pori tupu machoni pa anayetafuta shamba. Mpango huo unapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, na humo kila mkazi mtu mzima ana sauti. Sasa fikiria kiangazi: wanaume wako mbali na mifugo, wakulima wako nyumbani. Kwa hiyo kura zenu ni za akina mama waliobaki bomani. Waelezeni ramani mapema, mto uko wapi, josho liko wapi, mapito ya mifugo yanapita wapi, na muombe mtendaji wa kijiji mkutano usiangukie siku ya mnada. (Mkumbusheni jana yake. Husahau.)

Ng'ombe hafuati mpaka wa kijiji, basi kaeni na majirani. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa, hapa hapa wilayani, waliunganisha malisho yao wakayaita OLENGAPA, na wakapata hati ya hakimiliki ya kimila. Nendeni mkawaulize walivyofanya. Ni bora kuliko semina ya hotelini.

Mkidai josho au lambo, angalieni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Anayepeleka ombi mwezi wa tano anakuta baraza la madiwani lilishapitisha bajeti zamani. Barua iende kabla ya Krismasi, nakala kwa diwani na kwa afisa mifugo, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri usitoke ofisini, hata kama karani amekwenda kunywa chai.

Halafu kuna siku mbaya, mifugo inapokamatwa kwa madai kwamba imeingia hifadhini. Wazuieni vijana wasiinue fimbo, maana hapo kesi inageuka. Mmoja ahesabu ng'ombe, akitenga madume, majike na ndama. Mwingine aandike rangi na chapa, saa, na jina au namba ya kila askari. Mwenye simu ya maana apige picha mahali hapo, kama kuna kigingi cha mpaka kionekane, na ahifadhi alama ya eneo (GPS) kwenye simu. Ikilipwa faini, idaini stakabadhi papo hapo; fedha ya mkononi isiyo na karatasi msiitoe. Mkimpigia wakili jioni, maswali yake ya kwanza ni hayo hayo: wangapi, wapi, saa ngapi, nani aliwakamata.