Gari la zamani halivuti na taa ya injini inawaka: anzia hapa kabla hujanunua sensa

Haipiti wiki bila mtu kuniletea gari hapa Dodoma, keshabadilisha sensa mbili na gari bado zito. Sensa za mtumba zina bei, na ukishafunga hairudishwi. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, hata kama fundi wako anataka kuruka.

Kwanza tuelewane. Kama umetoka Dar juzi ukaona gari limepungua kidogo, usihangaike. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Hiyo haina fundi. Ninazungumzia gari lililokuwa likipanda Saranda vizuri mwezi uliopita, na leo linaomba gia ya pili.

Hatua ya 1: Tazama taa yenyewe

Taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa njiani, zima injini hapo hapo, hata kama uko porini kati ya Bahi na Manyoni. Ya joto, vivyo hivyo, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka upoe. Ile ya njano yenye picha ya injini, ikiwaka bila kupepesa, nenda nayo taratibu hadi gereji. Ikipepesa, injini inamisi sana, yaani silinda inaruka bila kuwasha petroli: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na itaunguza masega, kile kifaa cha kusafishia moshi. Punguza mguu, usilazimishe.

Hatua ya 2: Soma kodi

Kodi ni namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi. Marekani ililazimisha soketi ya pini 16, ya kuchomekea mashine ya kusoma kodi, kwa magari ya kuanzia toleo la 1996, lakini yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, nayo yalichelewa kuipata. Usishangae mashine ikigoma kuongea na Corolla ya 1997. Kwa Toyota za namna hiyo, fungua kiboksi cheusi chini ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa inavyopepesa. Mara tatu, kituo, mara moja: hiyo ni 31, upande wa kupima hewa. Ikipepesa haraka haraka bila kukatika, hakuna kodi iliyohifadhiwa. Andika namba kwenye karatasi. Usifute bado.

Hatua ya 3: Hewa

Hapa ndipo magari ya kwetu yanapofia, kwa sababu ya vumbi. Toa ea klina uiangalie kwenye mwanga wa jua. Mwanga usipopenya, badilisha. Ukiipuliza kwa kompresha, puliza kutoka ndani kwenda nje, la sivyo unalishindilia vumbi.

Kisha fuata paipu ya mpira inayotoka kwenye ea klina kwenda kwenye injini. Mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka hapa. Mteja alileta Noah kutoka Kibaigwa, kodi P0171, yaani hewa nyingi kuliko petroli. Nikambadilishia sensa ya hewa. Kesho yake karudi na taa ileile. Nilipoipinda ile paipu kwa mkono, kwenye mikunjo ya chini ufa ukafunuka kama mdomo. Ukiiachia paipu, ufa unajifunga, huoni kitu. Hewa ilikuwa inapita hapo bila kupimwa. Gharama ya sensa nilibeba mwenyewe. Siku hizi napinda kila mkunjo, ndipo nasafisha sensa kwa dawa yake ya kupuliza. Usitumie petroli, na kidole kisiguse ule waya mwembamba wa ndani.

Hatua ya 4: Moto

Kodi P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. Kama kila plagi ina koili yake (inayoipa umeme wa cheche), hamisha koili ya kwanza uiweke ya pili, futa kodi, endesha. Ikigeuka P0302, koili ni mbovu. Ikibaki palepale, toa plagi. Jaribio hili halina gharama yoyote, sijui kwa nini mafundi wengi hawalifanyi.

Hatua ya 5: Mafuta

Gari likianza vizuri kisha likafa nguvu ukikanyaga kwa muda mrefu, shuku filta au pampu. Pima presha kwa geji; kusikiliza mlio wa pampu peke yake hakutoshi.

Hatua ya 6: Masega

Gonga chombo cha masega kwa nyundo ya mpira, injini ikiwa imepoa. Kikilia kama debe lenye changarawe, yamevunjika. Ukitaka uhakika, fungua sensa ya ekzosi iliyo mbele ya masega, uendeshe mita mia chache. Litapiga kelele, lakini nguvu ikirudi, moshi ulikuwa umezibwa. Kabla ya kununua mengine, rudi hatua ya 4: masega mara nyingi huuawa na misi ya muda mrefu.

Ukimaliza, futa kodi uende kwenye mlima, si kuzunguka mtaani. Mimi humpa mteja usukani, nikakaa pembeni na mashine mapajani. Mguu wake ndio unaojua gari lilikuwaje.