Mtoto kashikwa na degedege na bibi hataki sindano: fanya hivi

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Bagamoyo vijijini. Msimu wa mvua nikigongewa usiku, mara nyingi ni degedege.

Anza na mtoto. Mlaze chini kwa ubavu, mbali na jiko, umlegeze nguo. Usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni, wala usimnyweshe kitu, hata kombe la maandishi ya Kurani: hajitambui, litaingia njia ya hewa. Tazama saa. Zahanati watakuuliza limeanza lini.

Sasa bibi, na hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Bibi ameona macho yamegeuka, mikono imekakamaa. Tangu utotoni anajua huyo ni shetani aliyepita kama ndege, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Usicheke. Hilo la sindano hakulitunga. Mtoto alikuwa akifukizwa mavi ya tembo siku mbili, anafikishwa hospitali malaria imeshapanda kichwani, anachomwa, anakufa. Wewe ungelaumu nini?

Kwa hiyo shetani usimguse. Mwaka wangu wa kwanza nilibishana na bibi mmoja, nikatolewa uani na ufagio. Siku hizi nasema hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, huyo aliyempanda mjukuu nakuachia wewe na Mungu. Mimi nataka wamtoe tone moja la damu kidoleni, tujue kama na mbu naye yumo."

Kipimo ni kama robo saa. Hirizi ibaki shingoni, haizuii dawa. Bibi apande bodaboda na mtoto, asome Ayatul Kursi njia nzima. Kama ni Mkristo, aombe. Akiwa na kazi ya kufanya, hana muda wa kukataa.

Ila usimdanganye kwamba sindano haipo. Zahanati wanaweza kuanza na artesunate, dawa ya malaria kali, ya kuweka njia ya haja kubwa, kwa mtoto wa chini ya miaka 6, halafu wampe rufaa. Hospitali ni sindano: akifika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Mwambie mapema. Akiikuta wodini bila kuambiwa, hatakuamini tena, na jirani zake pia.

Kuna na baba msomi. Yeye mashetani hayaamini, anaamini Panadol. "Ni homa tu, itashuka." Kweli, degedege la homa ya kawaida lipo na mara nyingi hupita lenyewe, lakini kwa macho hulitofautishi na la malaria kali. Huyu ananisumbua kuliko bibi, kwa sababu anajiona tayari yuko upande wa hospitali. Naye mpeleke kwenye tone la damu.

Bibi mmoja aliniuliza wodini kama anaruhusiwa kuipulizia dua ile sindano. Nikamwomba nesi asubiri kidogo. Akasubiri, bomba mkononi, mpaka bibi akasema amina.