Kubadilisha bomba la sinki la bafuni

Kabla ya kununua bomba jipya, chungulia chini ya sinki uhesabu matundu. Bomba la mkono mmoja linalochanganya maji ya moto na baridi hukaa kwenye tundu moja, mara nyingi la milimita 35 hivi. Pima pia kutoka hapo hadi kwenye koki za ukutani: mpira wa maji unatakiwa upinde taratibu, usivutike wala usijikunje. Nunua na mipira mipya. Ya zamani huwa imeshakakamaa ndani hata kama waya wake wa nje bado unang'aa.

Funga koki zote mbili, kisha fungua bomba la zamani uone maji yanakatika kabisa. Yakiendelea kudondoka, koki hazifungi sawasawa. Funga maji ya nyumba nzima. Ziba tundu la sinki la kutolea maji kwa kitambaa, weka ndoo chini, kisha fungua mipira.

Kazi ngumu ni nati inayolishika bomba kwa chini. Imejificha nyuma ya sinki na mara nyingi imeshika kutu. Inyunyizie mafuta ya kulainisha kutu, subiri dakika 15, ndipo uifungue kwa spana ya shingo ndefu. Usiilazimishe kwa kuegemea sinki. Kauri hupasuka ghafla. Bomba likitoka, kwangua uchafu na silikoni ya zamani mpaka sehemu ya kukalia iwe laini.

Mipira ifungwe kwenye bomba jipya likiwa bado mkononi, kwa vidole tu. Kinachozuia maji hapo ni kimpira cha duara, na spana hukikata. Pitisha mipira tunduni, panga washa (kipete bapa) ya mpira kwanza, ya chuma ifuate, kisha nati. Kabla ya kukaza, hakikisha mdomo wa bomba umeelekea katikati ya sinki, kwa sababu bomba hupenda kuzunguka nati inapokazwa.

Upande wa koki ndiko wengi wanakokosea: wanazungushia tepu nyeupe kwenye kila uzi. Nati ya mpira wa maji yenye washa ndani haihitaji tepu. Tepu huifanya ikae upande na kuvuja. Kaza kwa mkono mpaka igome, kisha ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Ukizidisha, washa inakatika, na hapo hata ukikaza vipi maji yatatoka. Maji ya moto yaingie kushoto.

Fungua kichujio cha mdomoni mwa bomba kabla ya kurudisha maji. Fungua koki polepole, acha maji yatiririke dakika moja yatoe kutu na mchanga, ndipo ukirudishe. Mwisho pitisha karatasi kavu ya chooni kwenye kila kiungo, maana tone dogo jicho halilioni lakini karatasi hulowa. Rudia kesho yake. Kiungo kilicholowa kikaze tena kidogo tu; kikiendelea kuvuja, funga maji ubadilishe washa.