Chili ya maharage na nyama ya kusaga, kwa jiko la Dodoma

Huko Texas, Marekani, chili, yaani mchuzi mzito wa nyama wenye pilipili, ni chakula rasmi cha jimbo tangu 1977, na wapo wasiotaka kuona hata harage moja ndani yake. Kwa mlo wa familia, sisi tunapendekeza maharage ndiyo yawe mengi: yanashibisha, yana nyuzinyuzi, na robo kilo ya nyama inatosha watu 6.

Andaa maharage mekundu vikombe 2, nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi robo kilo, vitunguu maji 2, vitunguu swaumu punje 5, hoho 2, karoti 1, nyanya mbivu 6, nyanya ya kopo kijiko 1 cha chakula, bizari nyembamba ya unga vijiko 2 vya chai, mafuta ya alizeti vijiko 2 vya chakula, chumvi na ndimu.

Kazi kubwa iko kwenye maharage. Maji ya visima sehemu nyingi za Dodoma ni magumu, ndiyo maana birika hushika utando mweupe. Madini hayohayo hukaza ganda la harage. Mkaa unaisha, harage bado linagoma. Loweka tangu jioni kwa maji mengi yenye magadi soda robo kijiko cha chai, si zaidi, maana yakizidi chakula kinanuka sabuni. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka mengine. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu inayotapisha. Kisha moto mdogo, saa moja hadi moja na nusu. Libonyeze harage kwa vidole viwili: lipondeke lote, lisiwe na kiini kigumu. Supu yake usimwage.

Nyanya zisubiri. Ukali wake hukaza harage ambalo halijaiva, na likishakazwa litachukua muda mrefu mno kulainika. Ila maharage yaliyokaa ghalani miaka ni magumu kuiva hata kwa mbinu hizi. Ukinunua sokoni, kwa mfano Majengo, uliza ni ya msimu gani.

Sufuria ikipata moto sawasawa, tia mafuta, tandaza nyama, usiikoroge dakika 3. Ukiikoroga mapema inatoa maji na kujichemsha, inakuwa ya kijivu. Ikishika rangi ya kahawia, ongeza vitunguu maji, karoti na hoho zilizokatwa ndogo. Vikilainika, weka swaumu na bizari, koroga nusu dakika tu. Bizari ikiungua ni chungu.

Sasa nyanya zote na ile ya kopo, mpaka zipondeke na mafuta yaanze kujitenga. Mimina maharage na supu yake vikombe 2, funika, moto mdogo dakika 30. Ponda maharage kiasi kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Chumvi na ndimu ni mwishoni. Chini ikishika, usikwangue: hamishia sufuria nyingine.

Pilipili kichaa ikatwe pembeni, kila mtu ajiwekee, watoto wale kwa amani. Ugali wa mtama au wa uwele unaifaa kuliko wali. Kwenye friji inakaa siku 3. Nyumba isiyo na friji ipike ya kumalizika siku hiyohiyo, maana kwa joto la Oktoba na Novemba maharage huchacha upesi.