Gari la zamani linakunywa mafuta safarini? Anza na keria

Kama una Probox au Corolla ya zamani yenye keria juu, na huipakii mzigo kila siku, ifungue leo uiweke ndani. Keria tupu inapigana na upepo safari nzima, na unayelipia ni wewe. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100, inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye foleni za mjini hutaona tofauti. Faida iko barabara kuu.

Kisha inama uangalie chini ya injini. Magari mengi ya mtumba yameshapoteza ile kava ya plastiki inayosaidia upepo upite vizuri chini ya gari. Fundi aliifungua kumwaga oili, hakuirudisha. Tafuta ya mtumba, au kata plastiki ngumu uifunge kwa boliti na washa pana. Waya usiutegemee kabisa, maana kava ikidondoka kwenye mwendo itaingia chini ya tairi. Iweke mbali na bomba la moshi isiyeyuke, na acha tundu usawa wa nati ya kumwagia oili.

Grili ya mbele usiizibe, hata kama ni kupunguza upepo. Kwa joto letu, rejeta inaihitaji hewa ile.