Kaa wa nchi kavu wakishuka baharini, namna ya kuwaona bila kuwaharibia uzazi

Wadau wa Mikindani, Msimbati huku Mtwara na kote kwenye mikoko, mvua zikishaanza Novemba Disemba ukimkuta kaa mkubwa wa mashimoni anakatiza barabara usiku usidhani kapotea, inawezekana ni jike anaenda kumwaga mayai, mana kaa huyu anaishi nchi kavu lakini mtoto wake lazima aanzie maisha kwenye maji ya chumvi.

Ukitaka kumuona angalia mwezi kwanza. Chagua siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mpevu au ukiandama, huku kwetu siku hizo maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri, kwa hiyo we fika saa nane hivi ukae kimya. Tochi ifunge plastiki nyekundu. Jike ana kifuniko kipana cha mviringo chini ya tumbo, dume chake chembamba, na jike mwenye mayai utaona kifuniko kimeachia kwa wingi wa mayai. Huyo usimshike kabisa, wala usisimame kati yake na maji, nawaomba sana.

Akifika majini anajitikisa, mayai yanapasuka palepale na lava (watoto wachanga wa kaa) zinatoka, ndogo mno huwezi kuziona vizuri, alafu maji yanayopwa yanazivuta mbali na samaki wa ukingoni. Huko nje zinajibambua gamba mara kadhaa mpaka ziote magando, ndo zinarudi na maji ya kujaa. Nyingi mno zinaliwa njiani.

Kule Kisiwa cha Christmas cha Australia, bahari hii hii ya Hindi, jike mmoja wa kaa wekundu anaweza kumwaga mayai mpaka 100,000 na vitoto vinarudi baada ya wiki 3 au 4, vina upana wa milimita 5 tu, na kuna miaka karibu hakuna kinachorudi. Ndo mana kule wanafunga barabara kaa wakipita. Sisi hata hatujaombwa kufunga, bodaboda apunguze tu mwendo karibu na mikoko usiku wa bamvua, jike mmoja akikanyagwa umeua na mzigo wote aliobeba.

Wiki kadhaa baadae rudi mchana, funua taratibu majani yaliyoanguka yenye unyevu upande wa nchi kavu wa mikoko utafute vikaa vidogo, ukimaliza yarudishe majani kama yalivyokuwa mana jua likiwapiga matamvua yao ya kupumulia yanakauka.